Orodha Yenu ya Vyuo Nafuu na Binti Yangu Noelie

Bayou Lacour, Louisiana
11 Aprili

Ndugu Mhariri wa jarida la Njia ya Chuo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kizuri, na bado hujapata kazi nyingine ambayo ungeweza kuwaharibia watu zaidi. Mimi ni Verlon Guidroz, fundi wa kuchomelea mabomba katika kiwanda cha kusafisha mafuta, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Naandika kuhusu toleo lenu la Januari, ukurasa wenye kichwa "Vyuo Kumi Nafuu vya Kusomea Uhandisi wa Kemikali". Binti yangu Noelie, mwenye miaka kumi na minane, aliukata kwa mkasi akaubandika kwenye friji. Tangu siku hiyo nyumba hii haijatulia.

Naomba ieleweke kwamba sina chuki na wahandisi. Nimefanya kazi chini yao maisha yangu yote. Huja kiwandani na kofia zinazong'aa, wananionyesha mchoro, nami nawaonyesha kwamba bomba lao linapita katikati ya nguzo. Noelie amezisikia hadithi hizi tangu utotoni, na badala ya kuwacheka kama nilivyokusudia, siku moja akasema, "Basi, baba, mimi nitakuwa yule anayekuja kuangalia nguzo kwanza." Mama yake, aliyefariki miaka sita iliyopita, angefurahi sana. Mimi nilitoka nje kukagua gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Chuo chenu cha kwanza, kule kaskazini kwenye theluji, mlikisifu kwa karo "inayomudiwa na kila familia". Nikapiga simu. Akapokea dada mwenye sauti tamu. "Mnaishi jimbo gani, mzee?" Nikamwambia Louisiana. Akasema, "Aa. Pole." Kumbe bei mliyoandika ni ya wenyeji wa jimbo hilo tu; sisi wengine tunalipa mara tatu. Habari hiyo mmeiweka chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ambazo Noelie ilibidi azisome kwa kioo cha kukuzia. Nataka kujua ni nani aliyezipanga herufi hizo, na kama huwa analala vizuri.

2. Chuo chenu cha tatu hakina kasoro ila moja: hakifundishi uhandisi wa kemikali. Kinafundisha masomo ya msingi ya miaka miwili ya mwanzo, halafu kinamsukumia mwanafunzi chuo kingine ambacho karo yake ingeniliza. Nilimwuliza ofisa wao kama yeye angenunua suruali ya mguu mmoja kwa nusu bei. Akasema subiri kidogo, ananiunganisha na mkubwa wake. Ilikuwa Februari. Bado nasubiri.

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Chuo chenu cha pili, Tallow Creek kule Arkansas, mliandika kwamba kina "maabara ya kisasa". Tukaendesha gari kwa muda wa saa nane, mimi na Noelie, tukila soseji zilizojazwa wali njiani. Tukapokewa na kijana anayetembea kinyumenyume huku akitabasamu. Akatuonyesha ukuta wa kukwea kwa mchezo. Akatuonyesha mkahawa wenye nafaka za kifungua kinywa aina kumi na nne. Akatuonyesha chumba ambamo, wakati wa mitihani, huletwa mbwa wa kuwaliwaza wanafunzi. Noelie akauliza, "Na maabara iko wapi?" Kijana akaangalia karatasi yake. "Hiyo haimo kwenye ziara."

Tukaitafuta wenyewe. Ilikuwa chini ya jengo, karibu na mashine za kufulia. Humo kuna mnara wa chuma wa kutenganishia vimiminika, urefu wa watu wawili, na kwenye kiungo chake wamefunga kitambaa. Chini ya kitambaa kuna kopo la aiskrimu. Tone, tone, tone. Kando yake alisimama mama mmoja wa makamo mwenye koti lililojaa madoa, Profesa Stroud.

"Unavuja tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu Oktoba."

"Na wanafunzi wanafanyaje?"

"Wanajifunza kuhusu uvujaji."

Ndugu Mhariri, watu wanaonifahamu watakuambia kwamba mimi si mtu wa kukosa la kusema. Nikamwambia kwamba gasketi, ile pete ya kuziba kiungo, si ya saizi yake, na kwamba boliti zimekazwa kwa kufuata duara wakati mtu yeyote mwenye akili timamu hukaza kwa kuvuka upande wa pili.

"Na wewe ni profesa wa chuo gani?" akanitupia.

"Chuo cha mabomba, mama. Hebu nipe spana."

Akanipa. Nikaikata gasketi mpya kutoka kwenye kipande alichokuwa nacho kabatini, Noelie akanishikia taa, na kwa dakika arobaini kopo likapumzika. Unadhani alinishukuru? Alimgeukia binti yangu akamwuliza kitu kuhusu joto linalopotea juu ya mnara. Noelie akajibu. Sikuelewa hata neno moja. Wakaendelea hivyo saa nzima, wakichora ubaoni na kufutiana, nami nimesimama pale nimeshika makoti yao kama msumari wa ukutani. Sijawahi kumwona mtoto wangu akiongea hivyo na mtu yeyote tangu tulipomzika mama yake.

Tulipofika barabarani akasema, "Baba, ni hapa."

"Hapa? Hapa kopo la aiskrimu ndilo linalofundisha!"

"Ni hapa, baba."

Akageukia dirishani. Anajua hesabu kuliko mimi. Alijua kwamba hata bei hiyo "nafuu" ingemeza zaidi ya nusu ya mshahara wangu, na hakulitaja tena mpaka nyumbani. Afadhali angelia.

4. Neno "nafuu" lenyewe. Huku kwetu mgonjwa akiambiwa amepata nafuu, maana yake bado anaumwa. Kama ndiyo maana mliyokusudia, nawapongeza kwa ukweli.

Sasa ombi langu. Chini ya picha yako ndogo mwishoni mwa makala nimesoma kwamba wewe, Ndugu Mhariri, unaishi katika jimbo lilelile la theluji, maili moja tu kutoka chuo chenu cha kwanza. Hiyo bila shaka ni bahati tu, na si sababu ya chuo hicho kuwa cha kwanza. Kwa hiyo naomba kwa heshima umwasili binti yangu kisheria kwa miaka minne, ili alipe karo ya wenyeji. Nimemwuliza binamu yangu anayefanya kazi mahakamani. Akasema, "Verlon, una homa?" Hilo silichukulii kama katazo. Noelie hana usumbufu. Huimba akipiga hesabu, na huimba vibaya; mvumilie. Tarehe tatu Novemba usimwulize maswali mengi, ni siku ya kumbukumbu ya mama yake. Krismasi utamrudisha.

Nisalimie familia yako, ambayo karibu itaongezeka, wafanyakazi wote wa jarida, na yule bwana wa herufi ndogo.

Wako, kwa subira inayopungua,
Verlon Guidroz

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Profesa Stroud. Fundi wao wa maabara amestaafu, na mnara mwingine umeanza kuvuja. Watoto wa wafanyakazi wa chuo hicho hawalipi karo. Naanza kazi Agosti. Basi nayafuta malalamiko yote manne; orodha yenu ni ya kuaminika kabisa, isipokuwa Tallow Creek ilistahili kuwa ya kwanza, na maabara yake ni ya kisasa sana. Usihangaike na mahakama.

Nilipompa Noelie habari hii alikaa kwenye ngazi, akanikumbatia muda mrefu, akalowesha shati langu. Halafu akajifuta uso akasema, "Lakini baba, mimi nilitafuta chuo nafuu. Sikusema twende wote." Tangu asubuhi anaulizia kama jarida lenu lina orodha ya vyuo vilivyo mbali na wazazi. Kama mnayo, tafadhali msiichapishe.