Kanuni Kumi za Mgeni wa Castries

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo wasemavyo watu wema. Thelbert Hippolyte wa Castries alikuwa na yake: mgeni njoo, kupona utajua mwenyewe.

Alikuwa mtunzi, jamani. Alitunga kijikaratasi kiitwacho "Kanuni Kumi za Mgeni", akakivika nailoni, akawa anakiuza gatini kila meli ya watalii ilipofika. Kanuni tatu zilikuwa za kweli, maana uongo mtupu hauliki bila chumvi. Usivae kombati, sheria ya Saint Lucia inakataza. Usijikinge mvua chini ya mti wa manchinili. Utomvu wake unababua ngozi. Msalimu mtu kabla hujamwuliza lolote. Saba zilizobaki alizizaa mwenyewe, chali kitandani. Ya nne, kwa mfano, iliamuru kila mgeni avae kofia ya majani ya mnazi iliyothibitishwa. Mthibitishaji alikuwa Thelbert. Muuzaji pia.

Siku hiyo iliingia meli ya mwisho ya msimu. Baada yake, hakuna nyingine hadi Novemba, na ndani ya gari la Thelbert kofia mia moja na ishirini zilikuwa zikisubiri vichwa. Aziuze leo, au azitafune hadi Novemba.

Ndipo alipomwona mama mmoja: miwani myeusi, viatu vyeupe, masanduku manne. Mtalii wa kushinda mchana mmoja habebi masanduku manne. Lakini tamaa haijui kuhesabu.

"Mama! Una kanuni?" Thelbert alimrukia.

Hakusalimu. Katika kisiwa kile hata askari anayekuja kukukamata hukutakia kwanza asubuhi njema. Mama alishusha miwani, akamtazama kama anayetazama nzi kwenye supu, akaipandisha.

"Sina," alijibu kwa sauti ya Kilondoni. "Nifundishe."

"Kanuni ya saba: marufuku kuitazama milima ya Pitons bila kibali."

"Hata kwa jicho moja?"

"Jicho moja ni nusu bei, mama. Sisi si wanyama."

"Kijana, wewe ni hazina!" Mama alimshika mkono. "Kampuni yangu ina watu elfu mbili, meli ziwepo zisiwepo. Natafuta mmoja tu wa kuwapokea. Ila lazima nimjaribu. Nipeleke Soufrière na mizigo yangu, nione unavyomtunza mgeni."

Thelbert aliitazama meli. Watalii walikuwa wanaanza kushuka, vichwa vitupu, vinang'aa kwa jua. Akawaza elfu mbili. Akafungua buti la gari.

Barabara ya Soufrière ina kona nyingi kuliko maneno ya wakili, na kila kona mama alikumbuka njaa.

"Mwenyeji wa kweli angesimama hapa Anse La Raye, tupate samaki."

Wakasimama. Thelbert akanunua.

"Na hapa Canaries? Nasikia mkate wao wa muhogo hauna mfano."

"Umesikia wapi, mama?"

"Tunafanya utafiti, kijana."

Akanunua mkate. Akanunua madafu. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Mabosi wangu watataka sampuli za kofia," mama alisema walipoanza kushuka Soufrière.

"Chukua mbili."

"Wako arobaini."

"Arobaini, basi."

Saa nane walisimama mbele ya nyumba ya mbao iliyojaa maputo. Barazani alikaa bibi kizee amevaa gauni lake zuri la kitambaa cha madras, amezungukwa na ukoo mzima.

"Eudoxie!" bibi alipiga kelele.

"Mi mwen, manman!" mama akajibu kwa Krioli ya kisiwani, na ile London ikamdondoka kama ganda la ndizi. Akapanda ngazi mbio. "Miaka tisini, mama yangu! Nilisema nitafika, nimefika!"

Kabla Thelbert hajafunga mdomo, kofia arobaini zilikuwa juu ya vichwa arobaini, na mjomba mmoja alikuwa akicheza na yake.

"Wewe ni wa hapa?" Thelbert aliuliza.

"Nimezaliwa chumba kile pale. Nimeshuka kwenye feri ya Martinique. Utalii umenivisha wewe."

"Na kampuni?"

"Hii hapa unaiona. Elfu mbili, tukiwaweka na binamu."

Thelbert alitazama saa yake. Meli ingeng'oa nanga saa tisa, na kati yake na gati kulikuwa na kona zote zile. Hata angeruka, angekuta maji matupu.

"Umenimalizia msimu!" alilia. "Kofia themanini nitamvalisha nani? Mbuzi? Niombe radhi basi, mbele ya watu hawa!"

Hata mjomba aliacha kucheza.

Eudoxie alikata kipande cha keki, akakila chote taratibu, akafuta vidole.

"Siombi," alisema.