Kisima Kilichopewa Cheti cha Mng'ao

Inatangazwa kwa umma wa Sori na viunga vyake kwamba kuanzia Jumatatu maji yote yatang'aa. Ndivyo lilivyoanza tangazo la Kamati ya Mng'ao wa Maji, na Bonface aliyeliandika alilisoma mara tatu mbele ya kioo kabla ya kwenda kulibandika sokoni.

Sayansi yenyewe haina maneno mengi. Unga maalum unatiwa kwenye maji, unamulikwa kwa taa ya zambarau, unang'aa kijani. Maji yakiwa na zebaki, hii ya wachimba dhahabu, unga unazimika. Kisima cha Mama Jedidah kilizimika tii. Mkurugenzi Maxwell, ambaye kamati nzima humwita Mkubwa, alisoma ripoti akaguna. Kuzimika, alifafanua, ni lugha ya kuvunja wananchi moyo. Iandikwe kwamba kisima kina mng'ao wa ndani. Bonface akaandika, akagonga muhuri, akampelekea mama cheti. Mama ana wajukuu wanne wanaokunywa pale. Miaka miwili alikuwa akiomba maji ya lori, na sasa amepewa karatasi.

Siku ya uzinduzi wa mng'ao kamati ilikaribishwa chakula kwake: samaki ngege wa mchuzi, ugali, jagi la maji baridi. Na katikati ya meza, kimeegemezwa kwenye jagi, cheti. Bonface alipokiona, alirudisha tonge sahanini. Mkubwa alikuwa ameshamaliza bakuli mbili za mchuzi na anajimiminia glasi ya tatu ya maji, ripoti ameshaisahau.

"Kunywa, nyathina, mwanangu," mama alimwambia Bonface kwa upole. "Ama huamini muhuri wako?"

Uani watu walikuwa wamejaa, simu juu. Jasho lilimtoka, jamani, jasho la mtu mzima. Aliwaza kunywa. Aliwaza kuzirai, ila hapakuwa na nafasi ya kuangukia.

"Mkubwa, usinywe," akasema mwishowe. "Kile kisima kilizimika. Wewe ndiye uliniambia niandike vile."

Mkubwa alitema mpaka tai ikalowa. Bila kikao, bila ajenda, bila kumbukumbu za kikao kilichopita, akapiga simu tatu mfululizo: kisima kifungwe, lori la maji lije, daktari aje. Lori lililokuwa kwenye mchakato miaka miwili lilifika baada ya dakika arobaini. Akina mama wakapanga mitungi foleni.

Ndipo Mama Jedidah alipochukua taa ya zambarau ambayo Bonface aliileta kwa uzinduzi na kijiko cha ule unga, akautia kwenye glasi ya Mkubwa, akaifunika kwa leso yake apate giza, akawaita wote wawili wachungulie. Glasi ilikuwa inang'aa kijani kibichi, safi kabisa.

"Hayo ni ya mvua," alisema, akianza kukusanya sahani. "Ya kisima ningewapaje wageni? Mimi siko kwenye kamati."