Zabibu Zangu Zimeiva Kabla ya za Bogonko

Jumapili, 11 Januari 2026

Zimeanza! Asubuhi nimekuta vishada vya upande wa jua vimegeuka zambarau. Nikachungulia ng'ambo ya ua, kwa jirani yangu Bogonko. Zake kijani, ngumu kama kokoto. Chai imenishuka vizuri.

Mizabibu yangu ni ya aina inayoiva mapema. Miche niliipata kwa jamaa wa Ntimaru aliyeitoa Dodoma. Bogonko alipanda aina ya kuchelewa, eti yeye hana haraka. Sasa tuone. Madam Dorine, mwenye hoteli kule Homa Bay, anafungua ukumbi mpya unaotazama ziwa tarehe kumi na nne Februari. Anataka divai ya huku kwetu. Wa kwanza kumpelekea iliyo nzuri, huyo ndiye atamuuzia siku zote. Bogonko anajua. Mimi najua. Nadhani hata zabibu zinajua.

Shida ni mke wangu. Nyaboke ni Msabato wa kila siku, mimi ni Msabato wa Jumamosi. Pombe haiingii nyumbani kwake. Kwa hivyo nimemwambia natengeneza juisi. Amefurahi kuliko nilivyotaka. Amewaendea akina mama wa kanisa akawaomba wamwachie yeye juisi ya meza ya Bwana, tarehe hiyo hiyo. Nikasema amina. Ningesema nini?

Jumatano, 14 Januari

Ndege! Hakuna tunda lingine lililoiva hapa kwetu Suna nzima, basi ndege wa Suna nzima wamehamia kwangu. Wengine nashuku wametoka hadi Ntimaru. Nimefunika mizabibu kwa chandarua cha kitanda chetu. Sasa mbu wanatula sisi na ndege wanakula zabibu, kila mtu ameshiba. Nimewasha redio shambani kuwatisha. Wanaipenda.

Bogonko akasimama kwake, akauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba nimewafuga. Akanishukuru! Eti kwake hawagusi kitu, wanashibia huku.

Alhamisi, 22 Januari

Nimevuna kabla hawajamaliza. Nusu tamu, nusu chachu. Nimeongeza sukari ya Nyaboke, yote. Nimekanyaga zabibu kwenye beseni la kufulia (miguu niliosha kwa sabuni). Hamira nimetia yeye akiwa sokoni.

Imejaa jerikeni moja tu. Moja! Mpango ulikuwa mbili: moja ya Dorine, moja ya kuchemshwa, ya kanisa. Basi. Ya kanisa nitanunua supamaketi na kuimimina kwenye chupa zetu. Akina mama hawatajua. Mungu atajua, lakini hana mazoea ya kumwambia Nyaboke.

Jerikeni iko stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Kifuniko nimelegeza ipumue.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeonja. Nimeonja tena. Hii ni divai! Mbele kali kidogo, nyuma utamu wa tunda. Nimelia. Nyaboke akauliza macho mekundu ni ya nini. Vumbi la mahindi, nikasema. Akasogea aangalie vizuri, nikatafuna kitunguu kibichi haraka.

Za Bogonko ndiyo kwanza zinaiva. Amechelewa! Pole yake.

Alhamisi, 12 Februari

Homa Bay. Nimekuja mikono mitupu kwa makusudi, maana mfanyabiashara hukubaliana kwanza. Madam Dorine akanipa samaki, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Omera," akasema, yaani ndugu kwa Kijaluo, "maneno hayanyweki. Divai iko wapi?"

Nikamwambia kesho jioni. Akasema sawa, ila wa kwanza kufika ndiye wake, hana upendeleo. Nikacheka. Nani mwingine ana divai Migori? Nalala kwa binamu.

Ijumaa, 13 Februari

Nimenunua juisi ya kanisa, nikaanza safari ya nyumbani. Pale Rongo gari letu likasimama kando ya lile la Homa Bay. Nani yumo? Bogonko! Amevaa suti, jerikeni katikati ya miguu. Akanipungia mkono kwa furaha. Nikadhani anapeleka mafuta ya nguruwe wake. Nikampungia pia.

Nyumbani nimemkuta Nyaboke macho yamevimba lakini anatabasamu. Jana aliitafuta juisi aanze kujaza chupa. Akafungua jerikeni. Povu! Harufu! Akajua imeharibika. Alilia, maana nafasi ile aliiomba mwenyewe, na akina mama wangemsema mwaka mzima. Akakimbilia kwa Bogonko. Zabibu zake zimeiva zote, hakuna hata moja iliyodonolewa. Bogonko akampa mabeseni ya zabibu, akasaidia hata kukamua. Juisi imechemshwa, iko tayari.

Nikamuuliza ile yetu iko wapi.

"Nilimpa Bogonko awape nguruwe," akasema. "Ningemshukuru na nini kingine, Baba Mellen?"

Nikakaa chini. Akanishika bega.

"Pole. Najua vile ulijitahidi. Sitamwambia mtu kwamba juisi yako iliharibika."

Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 14 Februari

Meza ya Bwana imependeza. Mmoja wa akina mama, Mama Orpah, ameuliza kama kuna nyingine. Nyaboke akasimama mbele ya kanisa zima akamshukuru jirani yetu Bogonko, Mkatoliki, mfuga nguruwe. Watu wakasema amina. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, maana alikuwa ananiangalia.

Jioni Madam Dorine akapiga simu. Nisijisumbue tena. Bogonko alimletea jana, na wageni wanaigombania.

"Omera, ile kitu ina utamu wa tunda nyuma!"

Najua, nikasema. Akauliza nimejuaje. Nikakata simu.

Jumapili, 15 Februari

Nimemwendea Bogonko nikiwa nimewaka. Nikamwambia divai ile ni yangu, kila tone. Hakubisha hata kidogo. Alichukua kofia yake.

"Sawa, jirani. Twende sasa hivi tumweleze Mama Mellen vile uliipika."

Akanifungulia hata geti. Nikalifunga tena. Nikamuuliza kama nguruwe hawajambo. Hawajambo, akasema.

Jumapili, 22 Februari

Wiki nzima nimetafakari kwa makini. Kosa langu nimeliona. Lilikuwa zabibu! Ndege hawawezi nanasi, lina ngozi ngumu. Divai ya nanasi, nani ameshawahi kuifikiria? Nimeloweka pipa zima, liko stoo, linachemka lenyewe vizuri sana.

Nyaboke amesikia linavyonguruma, akauliza ni nini. Nimemwambia ni dawa ya kuku.

Amefurahi mno. Amewapigia simu akina mama wote wa kanisa. Kesho asubuhi wanakuja na kuku wao.