Swali Langu la Bia

Jumatatu, 5 Mei 2008
Msiba! Kina mama wa chama chetu cha watu wa Katanga huku ugenini wanataka bia ipigwe marufuku kwenye ukumbi wetu wa Berchem. Kisa? Siku ya Pasaka mnywaji mwenzangu, Papa Constant, alikalia keki ya ubatizo. Mara moja tu! Kura ni Jumapili. Kiongozi wa kina mama ni Mauwa. Mke wangu! Na wiki ijayo binti yetu Océane anaolewa ukumbini humo humo. Nimeshamwahidi Mukendi, baba wa bwana harusi, bia mpaka aombe poo. Nikimpa soda, uso nitauweka wapi?

Jumatano, 7 Mei
Nimejitolea kuandika swali la kura. Wamenishukuru! Nimeandika: «Hamutaki bia?» Akili gani hii! Wanaochukia bia watakimbilia Hapana. Lakini Hapana hapo maana yake: si kweli, tunaitaka! Wanywaji wangu nao nitawaambia waandike Hapana. Pande zote zinanipigia mimi.

Mauwa alilisoma, akanitazama, akasema bon, ni muzuri, nikuje nikule bukari. Sikupenda alivyotabasamu.

Ijumaa, 9 Mei
Nimewazungukia wanywaji mpaka Laeken. Constant amesema amenielewa, donc ataandika Ndiyo. Nimemweleza upya. Amesema voilà, Ndiyo. Nimerudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Jumapili, 11 Mei
Nimekwisha! Kina mama wameandika Ndiyo: ndiyo, hatutaki. Kumbe Mauwa aliwafundisha baada ya misa. Wanywaji wangu wameandika Ndiyo: ndiyo, tunataka! Constant amechora na chupa pembeni. Hapana zilikuwa mbili tu, moja yangu.

Nimempigia Mukendi simu. Akauliza kama hiyo soda angalau itakuwa baridi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 12 Mei
Ile Hapana ya pili nimeitambua. H yenye mkia, mwandiko wa Mauwa mwenyewe! Nimemuuliza. Akaendelea kusonga bukari, akasema alijua ile yangu itabakia yenyewe tu, na hakutaka ibakie vile. Halafu akaniongezea samaki.

Maskini mke wangu! Nampenda sana, lakini ni wazi swali lilimchanganya na anaona haya kukiri. Kiongozi mzima wa kina mama! Basi swali langu lilikuwa zuri, kasoro yake ni wepesi. Nimeshaanza lingine: «Si kweli kwamba hamukatai kukosa bia?»