Kilo Nane za Mfupa wa Galula

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo saa nne na robo asubuhi, hapa Galula, nimepoteza mfupa wa dinosaria wa kilo nane. Sikuibiwa. Umesagwa!

Mfupa wenyewe uligeuka jiwe zamani sana. Kaka Hezron alikuwa anaukalia akipukuchua mahindi. Nikampa kigoda kipya na jembe, akabaki ananishangaa. Nikautia kwenye kiroba. Wakati nasubiri bodaboda nikakificha katikati ya viroba vya mawe ya dhahabu, kwenye karasha ya Moses, mashine ya kusagia mawe, wapita njia wasiulize. Akili hiyo! Kumbe viroba pale ni foleni. Narudi kutoka kunywa chai, mashine inanguruma, miaka milioni mia imekuwa unga kwa dakika tatu. Moses akasema kwake kiroba kikiwa kwenye mstari kinasagwa, hakihojiwi. Akaongeza: pole dada Tusekile, mawe yako laini, ila dhahabu hamna.

Kimebaki kipande cha kujaribia, Hezron alichoniruhusu kukata kwa grenda Ijumaa. Upana wa vidole viwili.

Jumanne, 12 Agosti

Tunduma, mezani kwangu sokoni, ninapouza vidani. Nimekisugua kwa msasa toka saa mbili mpaka saa saba. Kikang'aa. Ndani kuna vyumba vidogo vidogo kama sega la asali, kila kimoja na rangi yake: nyekundu ya kahawa iliyoiva, njano, kijivu cha wingu la mvua. Kwenye nafasi ya ukucha wangu nimehesabu vyumba 214, nikaacha. Damu ilipita humo! Nikapiga hesabu: ukihesabu mwaka mmoja kwa sekunde, bila kula wala kulala, unafika milioni mia baada ya miaka mitatu na miezi miwili. Mimi ni wa darasa la saba, kila nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe, sibabaiki ovyo. Leo nimebabaika.

Brenda wa meza ya jirani, muuza hereni za plastiki, akauliza hilo andazi lililoungua nalivaa au nalila.

Nikakizungushia waya wa shaba, kikawa kidani. Bamayo mmoja, mama wa Kizambia kutoka Nakonde, akakishika, akanong'ona jina la Mungu kwa Kibemba. Anataka kumi na viwili, vya kwaya yake, Jumapili. Nikamwambia vipo.

Ninacho kimoja.

Jumatano, 13 Agosti

Kumi na kimoja vilivyobaki nitavitoa kwenye mfupa wa ng'ombe, umechemka kwenye kahawa ya Mbozi saa tano nzima. Rangi safi kabisa! Mbwa wanne wamenifuata mpaka mezani. Brenda amecheka hadi akakaa chini.

Alhamisi, 14 Agosti

Galula tena. Hezron, kuona nilivyolililia jiwe la kukalia, alikwenda kuuliza ofisi ya kijiji. Amekuja Mama Frida, mtaalamu wa mambo ya kale, na kamba na brashi. Wakanionyesha kingo za korongo.

Sijui niandikeje. Pingili thelathini na tisa za uti wa mgongo, zimejipanga kwenye mwamba mwekundu kama mnyama amelala tu. Nimepima hatua kumi na tisa, halafu anaingia chini ya shamba. Nimevua viatu. Hakuna aliyeniambia nivue.

Mama Frida akasema si wa Hezron wala si wangu, ni wa nchi nzima, na kumtoboa hata tundu moja ni kosa. Akaomba kidani cha shingoni mwangu. Nikakivua mwenyewe. Akakiandika: kipande namba moja. Namba moja! Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Hezron akasema dada yangu, sasa umepona huo ugonjwa wa mifupa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepona kabisa. Sitagusa kitu kilicho ndani ya kamba aliyozungushia Mama Frida.

Ila nimepiga hesabu. Mama Frida alisema shingo inaelekea kaskazini. Basi mkia uko kusini, na kwa pingili zinavyopungua unene, ncha yake iko mita ya ishirini na mbili. Pale ni banda la mbuzi la Hezron. Kamba imeishia mita ya kumi na nne.

Nimemtumia ujumbe: Kaka Hezron, banda unaniuzia au huniuzii? Mbuzi siwataki. Usiniambie utamuuliza shemeji. Ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana kesho.