Akiba ya Ngozi

Jumatatu, 3 Machi

Roho juu tangu asubuhi. Daktari wa upasuaji amekubali kunikata ngozi! Hii inayoning'inia tumboni tangu nilipopungua, ambayo kila siku naikunja na kuichomekea kwenye suruali pamoja na shati. Lakini Alhamisi lazima kwanza nionane na mshauri wa afya ya akili, aseme kama kichwa changu kiko tayari. Akisema hapana, hakuna upasuaji. Mimi, fundi cherehani mwenye akili zangu timamu! Naogopa kisu. Namwogopa huyo mama zaidi. Kisu hakiulizi maswali.

Mpango: niwe mtu mwenye furaha kufikia Alhamisi.

Jumanne, 4 Machi

Nilitaka kufanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo cha dukani. Tatizo, nilikifunika mwenyewe zamani kwa kitambaa cha pazia. Wateja nimewaambia kimepasuka, wanajaribu suti kwa kubahatisha. Nikainua kitambaa taratibu, niuone mdomo tu. Mshirika wangu, tunayemwita Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, akaja nyuma akakivuta chote. Nikajiona kwa upande, ngozi na yote. Nikakifunika tena haraka.

Mkasi akasema afadhali nilipokuwa bonge, wateja walijua duka linalipa. Sasa wanamuuliza naumwa nini. Mwanahizaya! Nimempa suruali zote za walinzi zilizoletwa kurekebishwa azifumue, na hazijafuliwa.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kajitolea kunisindikiza. Shahidi wa nyumbani! Nikamwomba aseme nalala vizuri na nacheka. Akasema atasema anachokijua: naweweseka usingizini, napima uzito kabla na baada ya kunywa maji, navua shati gizani, na akinigusa naruka kama nimeshika waya wa umeme. Nimemwambia miadi ni Ijumaa. Akanishukuru kwa kumpa nafasi ya kujiandaa. Najisikia vibaya. Kidogo.

Wazo jingine, la kifundi. Nimejifungia bafuni na kujichora tumbo kwa chaki ya dukani. Hapa kata, hapa kunja, hapa unganisha. Mtu aliyejichorea mwenyewe, nani atasema hayuko tayari?

Alhamisi, 6 Machi

Mshauri ni mpole. Mbaya zaidi. Nilicheka kabla hajauliza chochote. Akauliza natarajia nini baada ya upasuaji. Nikafungua vifungo, nikamweleza michoro yote kwa fahari. Akauliza mistari ya pembeni ni ya nini. Nikasema ni akiba. Fundi mzuri hakati kitambaa chote, anaacha kidogo ndani ya mshono, mwenye suti akinenepa tena inafumuliwa.

Akaweka kalamu chini. Akauliza nani atakayenenepa tena.

Nikalia! Kwa sauti, shati wazi. Nikamwambia kila nikisikia njaa naona yule bonge anarudi. Kwamba naogopa ngozi ikiondoka hofu ibaki, nami sitakuwa tena na cha kusingizia.

Hakunikatalia. Amesema daktari ataondoa ngozi, lakini kuiondoa hofu hiyo ni kazi nyingine, tuianze sasa, kila wiki. Upasuaji umeahirishwa. Kikao kijacho nije na mke wangu. Mambo yamekwenda mrama kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kavaa gauni zuri, kashika mkoba, yuko mlangoni. Ikabidi niseme. Hakufoka. Heri angefoka. Alikaa kitandani akauliza ananifanya nini hata nimwogope hivyo. Nikasema hakuna. Ndipo akaona chaki kwenye shuka.

Akaleta beseni na kitambaa, akasema vua. Chumba chetu kina giza hata mchana, kwa hiyo akawasha taa. Nikafumba macho, nikajikaza kisabuni. Niliogopa kuliko ninavyoogopa kisu. Akafuta mstari mmoja mmoja, hata chini ya mikunjo, bila haraka. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama vilevile anavyonitazama tukinywa chai. Nilisikia raha. Hilo sijui niliandikeje.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari sana. Mimi sasa ni mtu mpya. Sitamdanganya tena mke wangu, wala mshauri.

Amesema leo atanipaka mafuta, taa ikiwaka, tuzoee kabla ya kikao. Nikamwambia vizuri sana. Kisha nikafungua balbu ya chumbani, nikaitia mfukoni, nikamwambia imeungua. Akasema haina neno, anayo nyingine kabatini, ataiweka akimaliza kuanua nguo.

Nimechungulia uani. Yamebaki mashuka tu. Nawahi kabatini.