Dakika ya Tisa ya Mwalimu Chaki

Habari iliyochafua kahawa asubuhi ile kijiweni ilikuwa hii: shuleni sasa walimu wanarekodiwa video wakifundisha, kisha wenzao wanaifungua kwenye simu na kubandika maoni dakika kwa dakika. Aliyeileta ni Betri, mtengeneza programu, maana programu yenyewe ni yake na alitaka watu wa kuijaribu. Video aliyokuja nayo ilikuwa ya Mwalimu Chaki, na Mwalimu Chaki alikuwa amekaa palepale benchini.

Mwalimu alihisi jasho. Kesho mkuu wa shule, mama asiye na masihara, angeitumia video hiyo kuamua kama amwachie darasa la mtihani au ampeleke kusimamia stoo ya madawati. Lakini angekataaje mbele ya Kinyozi na Mshona Viatu, wenzake wa kijiweni aliowatambia mwaka mzima kwamba hisabati ni yeye? Akajikaza kisabuni.

Simu ikazunguka, kila mmoja akiandika kwa jina la kazi yake. Kinyozi akaanza: dakika ya pili, kisogo hicho kimenyolewa na adui. Dakika ya nne, mbona anaongea na ubao tu, wameoana? Watu wakacheka hadi kahawa ikawatoka puani.

Mshona Viatu hakucheka. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja, na Betri akasoma kwa sauti:

"Dakika ya tisa. Binti wa nyuma kanyoosha mkono mara nne. Mwalimu anauliza nani hajaelewa, halafu anajijibu kwamba wote wameelewa."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akairudisha video. Mkono huo hapo, juu, chini, juu. Miezi mitatu darasani na hata sauti ya yule mtoto haijui. Ilimuuma, na aibu ikampanda.

"Futa," akamwambia Betri.

Betri akajikuna kichwa. Sehemu ya kufuta hakuiweka, alichoka kabla hajafika huko. Tena hii haikuwa nakala ya majaribio. Alisahau kuitenga na ile ya shule, na mkuu alikuwa ndani ya programu muda huohuo, anasoma.

Maoni ya mkuu yakatokea: "Walimu kumi na mmoja wameitazama, wote wameandika 'safi sana'. Mshona Viatu, kesho njoo ukae kwenye kikao cha walimu. Na wewe Mwalimu, binti alitaka kuuliza nini?"

 Mwalimu akaacha kahawa nusu kikombe, akaenda kumuuliza binti.